WALITOKA WAPI? ASILI YA VIGOGO WA UFASHISTI KATIKA ITALIA

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mtoto wa nyoka ni nyoka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumpima mtu kwa nasaba yake, kana kwamba akijulikana baba basi mwana naye amekwisha kujulikana. Lakini mwalimu wa historia akiichukua methali hii na kwenda nayo hadi Italia ya miaka ya 1920, ataona kuwa inamponyoka mkononi. Mtu aliyeitawala nchi ile kwa mabavu kwa zaidi ya miaka ishirini, Benito Mussolini, hakuzaliwa katika jumba la kifalme wala katika nyumba ya tajiri. Baba yake alikuwa mhunzi. Mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Naye mwenyewe alipata cheti cha ualimu mwaka 1901, akasimama mbele ya ubao akiwafundisha watoto kusoma na kuandika.

Tukiwauliza wanafunzi wetu wafashisti walikuwa watu wa namna gani, majibu huwa mawili. Wa kwanza husema: walikuwa wahuni, watu wasiosoma, waliotoka vichochoroni wakaiteka serikali. Wa pili, ambao wamekwisha kusikia habari za matabaka, husema: walikuwa vibaraka wa mabepari na makabaila, basi. Kila jibu lina sehemu ya ukweli, na kila moja lina upungufu mkubwa. Makala haya yanakusudia kuwatazama vigogo hao mmoja mmoja na kwa jumla: walizaliwa wapi, walisoma nini, walifanya kazi gani kabla ya kushika madaraka, na nani aliwafungulia mlango. Sisi walimu tunayo sababu ya pekee ya kulichunguza jambo hili, kwani tutakuta humo watu wa kazi yetu wengi kuliko tulivyotazamia.

Kwanza tueleze maneno. "Ufashisti" latokana na neno la Kiitaliano fascio, maana yake tita au fungu. Vyama vya siasa na vya wafanyakazi vilikuwa vikilitumia neno hilo kabla ya Mussolini, kwa maana ya watu waliojifunga pamoja. Yeye alilichukua alipoanzisha kundi lake mjini Milano tarehe 23 Machi, 1919. Na kwa neno "vigogo" tunakusudia mawaziri, makatibu wa chama, wajumbe wa Baraza Kuu la Ufashisti, na magavana wa makoloni. Yaani wale ambao neno lao lilikuwa amri.

Nchi iliyotoka vitani

Italia iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1915, na vilipokwisha mwaka 1918 ilikuwa imepoteza askari wapatao 600,000. Jeshi lilikuwa limehitaji maofisa wengi kwa haraka, na maofisa hao walipatikana miongoni mwa vijana waliosoma shule za sekondari na vyuo: wanafunzi, makarani, walimu, watoto wa wenye maduka. Katika nchi ambayo mwaka 1911 karibu watu wanne katika kila kumi hawakujua kusoma, cheti cha shule kilitosha kumpa kijana cheo cha kuwaongoza wakulima vitani.

Amani iliporudi, vijana hao walirudi nyumbani na kukuta kwamba hakuna aliyekuwa akiwangojea. Bei za vitu zilikuwa zimepanda, kazi zilikuwa haba, na yule aliyekuwa juzi akiamuru kikosi kizima alitakiwa kurudi kwenye meza ya karani, chini ya mzee asiyemtambua. Wakati huohuo, katika bonde la mto Po, vibarua wa mashamba walikuwa wamejiunga katika vyama vyenye nguvu. Vyama hivyo ndivyo vilivyoamua nani aajiriwe na kwa ujira gani. Na mabaraza ya miji mingi yalikuwa mikononi mwa wasoshalisti. Wenye mashamba walishikwa na hofu, nao waliona kwamba serikali ya Roma haikuwa tayari kuwapigania.

Hapo ndipo makundi mawili yalipokutana. Wenye mashamba walikuwa na fedha na magari. Maofisa wa zamani walikuwa na ujuzi wa silaha na uchungu wa kudharauliwa. Kuanzia mwisho wa mwaka 1920, baada ya ghasia na vifo katika baraza la mji wa Bologna tarehe 21 Novemba, vikosi vya mashati meusi vilianza kuzunguka usiku vijijini vikichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi, vikiwapiga viongozi wao na kuwalazimisha kunywa mafuta ya mbarika. Polisi na askari mara nyingi walitazama kando. Ufashisti uliokuwa kikundi kidogo cha mjini Milano uligeuka kuwa jeshi la mashambani.

Chama na wakubwa wake

Mnamo Novemba 1921 chama chenyewe kilitoa hesabu ya wanachama wake, wapatao 150,000. Hesabu hiyo yafaa kusomwa kwa makini. Vibarua wa mashamba walikuwa kama 24 katika kila mia, na wafanyakazi wa viwanda kama 15. Wenye mashamba walikuwa kama 12, wafanyabiashara na mafundi kama 9, na wanafunzi kama 13. Waliosalia wengi wao walikuwa makarani wa serikali na wa makampuni, mawakili, madaktari na watu wa kazi kama hizo, pamoja na wenye viwanda wachache. Walimu walikuwa kama mmoja katika kila mia. Zaidi ya nusu ya wanachama wote walikuwa wamepigana vitani.

Mtu akiitazama hesabu hii kwa haraka atasema kuwa kilikuwa chama cha wavujajasho, kwani vibarua na wafanyakazi walikuwa karibu wanachama wanne katika kila kumi. La hasha. Wengi wa vibarua hao waliingia baada ya vyama vyao kuvunjwa kwa moto na marungu, wakati ambapo njia ya kupata siku ya kazi ilikuwa kupitia kwa vyama vya wafashisti. Na jambo la pili ni hili: ukipanda kutoka chini ya chama kwenda juu, kibarua hutoweka njiani. Katika majina yote yatakayotajwa humu hamna kibarua wa shamba hata mmoja. Hamna mwanamke pia. Wanawake wa Italia hawakupiga kura katika uchaguzi wa taifa mpaka mwaka 1946. Wanafunzi, kwa upande mwingine, walikuwa sehemu ndogo sana ya taifa lakini sehemu kubwa ya chama, na ni katika tabaka lao kwamba wakubwa walipatikana.

Ujana nao ulikuwa na nafasi yake. Mwaka 1922 Giovanni Giolitti, mwanasiasa mashuhuri kuliko wote wa utawala wa zamani, alitimiza miaka 80. Mussolini alikuwa na miaka 39, Roberto Farinacci 30, Dino Grandi na Giuseppe Bottai 27, na Italo Balbo 26. Kwa vijana hawa, kuingia katika siasa kwa njia ya kawaida kulitaka kungojea hadi mvi. Bunduki ilikuwa njia ya mkato.

Wenyeji waliofungua mlango

Hata hivyo, vijana hao hawakuivunja nyumba ya dola. Walifunguliwa mlango na wenyeji. Mwishoni mwa Oktoba 1922 mashati meusi yalipoandamana kuelekea Roma, Waziri Mkuu Luigi Facta alitaka kutangaza hali ya hatari. Jeshi lingaliweza kuwazuia. Lakini asubuhi ya tarehe 28 Mfalme Victor Emmanuel III alikataa kutia saini, na siku iliyofuata akamwita Mussolini aunde serikali. Mussolini alifika Roma kwa gari la moshi, katika behewa la kulala.

Baraza lake la kwanza la mawaziri lafundisha mengi. Mbali na yeye mwenyewe, wafashisti walikuwa watatu tu: Aldo Oviglio, wakili wa Bologna, Giovanni Giuriati, wakili wa Venezia, na Alberto De Stefani, profesa wa uchumi. Wizara ya Vita alipewa Jenerali Armando Diaz, aliyeliongoza jeshi la Italia hadi ushindi wa mwaka 1918. Wizara ya Jeshi la Majini alipewa Amirali Paolo Thaon di Revel. Makoloni alipewa Luigi Federzoni, mwandishi wa magazeti na kiongozi wa chama cha wazalendo wakali. Posta alipewa Giovanni Colonna di Cesarò, mkabaila mwenye cheo cha dyuki. Na Elimu alipewa Giovanni Gentile, mtoto wa mwuza dawa wa Sicilia, ambaye alikuwa mmojawapo wa wanafalsafa mashuhuri wa Ulaya.

Wazee hawa walidhani wanamtumia Mussolini kuwatisha wafanyakazi, kisha watamweka kando. Hesabu yao haikutimia. Mnamo miaka minne vyama vingine vyote vilipigwa marufuku. Lakini na tuwe waangalifu: wenyeji hawakufukuzwa nyumbani mwao. Mfalme alibaki mfalme. Majenerali walibaki majenerali. Giuseppe Volpi, bepari mkubwa wa umeme kutoka Venezia, alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1925 hadi 1928. Na Alfredo Rocco, profesa wa sheria, alikuwa Waziri wa Sheria tangu 1925 hadi 1932, na ndiye aliyezitunga sheria zilizouvika udikteta vazi la halali. Utawala wa kifashisti ulikuwa ndoa ya watu wapya na watu wa kale, na kila upande ulileta mahari yake.

Wasifu wa baadhi yao

Tuwatazame sasa watu wapya wenyewe. Mussolini alizaliwa tarehe 29 Julai, 1883 huko Predappio, katika mkoa wa Romagna. Mhunzi baba yake alikuwa msoshalisti, na nyumba ililishwa zaidi na mshahara mdogo wa mama kuliko nyundo ya baba. Kijana alifundisha kidogo, akaenda Uswisi, akarudi, akafundisha tena, kisha akashika kalamu. Mwaka 1912 alifanywa mhariri wa gazeti la chama cha wasoshalisti. Mwaka 1914 alitaka Italia iingie vitani, chama kikamfukuza, naye akaanzisha gazeti lake mwenyewe kwa msaada wa fedha za wenye viwanda na za Ufaransa. Kuanzia hapo mtoto wa mhunzi hakukosa tena wafadhili.

Italo Balbo alizaliwa mwaka 1896 karibu na mji wa Ferrara. Baba na mama yake wote wawili walikuwa walimu wa shule ya msingi. Alipigana milimani, akapata nishani, akamaliza masomo ya juu mjini Firenze, na mwaka 1921 akawa katibu wa wafashisti wa Ferrara. Wenye mashamba ndio waliogharimia vikosi vyake. Mwezi Agosti 1923 padri Giovanni Minzoni, aliyekuwa akiwalea vijana wa parokia ya Argenta nje ya ufashisti, aliuawa kwa marungu na wafuasi wa Balbo. Kijana wa walimu aliendelea kupanda: Waziri wa Anga mwaka 1929, Gavana wa Libya mwaka 1934. Alikufa mwaka 1940 mjini Tobruk, ndege yake ilipopigwa kwa makosa na mizinga ya Waitalia wenyewe.

Farinacci, mtoto wa polisi, aliacha shule mapema akawa mfanyakazi wa reli huko Cremona. Katika vigogo hawa yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na tabaka la wafanyakazi. Lakini tazama alivyofanya mara alipopata nguvu: mwaka 1923 alijipatia shahada ya sheria kwa tasnifu aliyoinakili kutoka kwa mtu mwingine, akafungua ofisi ya uwakili na kutajirika. Hata aliyejivunia ukali wa mtaani hakuona kuwa amefika mpaka awe na cheti ukutani. Bottai, mtoto wa mwuza divai wa Roma, na Grandi, mzaliwa wa Mordano karibu na Imola, walipata shahada zao za sheria kwa haki. Katika Italia ile shahada ya sheria ilikuwa kama ufunguo wa kila mlango.

Watu wanne walioongoza maandamano ya kwenda Roma wanaonyesha mchanganyiko huu kwa ufupi: Balbo tumemtaja, Michele Bianchi, mwandishi kutoka Calabria aliyekulia katika siasa za vyama vya wafanyakazi, Cesare Maria De Vecchi, wakili na mfuasi wa mfalme, na Emilio De Bono, jenerali wa jeshi. Mwana wa walimu, mwandishi, wakili, jenerali.

Kisha wakaanza kuwa ukoo. Costanzo Ciano, ofisa wa majini aliyesifika vitani, alifanywa waziri, akapewa cheo cha ukabaila mwaka 1928 na kujilimbikizia mali nyingi. Mwanawe Galeazzo alisoma sheria, akaingia katika ubalozi, na mwaka 1930 akamwoa Edda, binti Mussolini. Mwaka 1936, akiwa na miaka 33, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Waliosema kwamba wanawaondoa wazee na nasaba zao walikuwa wamejitengenezea nasaba mpya. De Vecchi, Volpi na Grandi nao walivikwa vyeo vya kikabaila.

Kadi ya chama na mkate

Chini ya vigogo kulikuwa na safu ndefu ya wakubwa wadogo: makatibu wa wilaya, wakaguzi, wakuu wa mashirika. Hao walitoka hasa katika tabaka la kati. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1930 kadi ya chama ikawa sharti la kupata kazi ya serikali, na watu wakaiita kadi ya mkate. Walifanya hata mzaha kwamba herufi za jina la chama, PNF, zina maana ya "kwa mahitaji ya jamaa". Mzaha huo una uchungu ndani yake. Baba mwenye watoto hakuulizwa anaamini nini. Aliulizwa kama anayo kadi.

Mwaka 1931 serikali iliwataka maprofesa wote wa vyuo vikuu waape utii kwa ufashisti. Walikuwa zaidi ya 1,200. Waliokataa walikuwa kama kumi na wawili. Miongoni mwao walikuwamo Gaetano De Sanctis, mwanahistoria wa zama za kale. Vito Volterra, mwanahisabati. Francesco Ruffini, mwanasheria. Piero Martinetti, mwanafalsafa. Na Giorgio Levi Della Vida, mtaalamu wa lugha za Kisemiti. Walinyang'anywa kazi zao. Wengine, baadhi yao wakiwa watu waliouchukia utawala ule, walitia saini ili wasiyaache madarasa yao yachukuliwe na wafashisti. Hatuna haki ya kuwahukumu kwa wepesi, maana hatukukaa katika viti vyao. Lakini idadi yenyewe yapaswa kukumbukwa: mmoja katika mia.

Shule na lugha mikononi mwao

Kwa kuwa wengi wa vigogo hawa walipanda kwa ngazi ya shule, walijua thamani ya ngazi hiyo, na wakataka kuishika wenyewe. Sheria za elimu za Gentile za mwaka 1923 ziliipa hadhi ya juu sekondari ya Kilatini na Kigiriki, ambayo peke yake ilifungua milango yote ya chuo kikuu, na kuzifanya njia za wengine kuwa nyembamba. Mwaka 1930 kitabu kimoja cha serikali kiliwekwa katika shule zote za msingi. Mwaka 1938 Bottai, akiwa Waziri wa Elimu, aliwafukuza shuleni walimu na wanafunzi wa Kiyahudi.

Sisi wa lugha tuangalie hili zaidi. Katika mikoa ya mpakani, ambako watoto walizungumza Kislovenia, Kikroatia au Kijerumani, lugha hizo ziliondolewa madarasani mwaka baada ya mwaka tangu 1923. Katika Tirol ya Kusini wazazi na walimu walianzisha shule za siri ndani ya nyumba na vyumba vya chini. Mmoja wa walimu hao, Angela Nikoletti, alikamatwa mwaka 1927 kwa kosa la kuwafundisha watoto lugha ya mama zao, na akafa kwa kifua kikuu mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 25. Hata Kiitaliano chenyewe hakikuachwa. Mwaka 1938 chama, chini ya katibu wake Achille Starace, kiliwakataza watu neno lei, ambalo Waitalia walilitumia kumwita mtu kwa heshima, na kuwaamuru watumie voi. Mtawala anayeamuru watu waamkianeje hajaridhika na kuwatawala nje ya nyumba zao.

Tawi la Afrika

Jamii ya watu tunaowaeleza ilifika pia katika pembe yetu ya Afrika. De Vecchi alikuwa Gavana wa Somalia tangu 1923 hadi 1928. De Bono ndiye aliyeongoza majeshi yaliyoivamia Ethiopia tarehe 3 Oktoba, 1935. Bottai alikuwa gavana wa kwanza wa kiraia wa Addis Ababa kwa muda mfupi mwezi Mei 1936. Lakini kule ile ngazi ya shule waliyoipanda wenyewe waliikata. Katika Eritrea mtoto wa Kiafrika hakuruhusiwa kusoma zaidi ya darasa la nne. Baada ya jaribio la kumwua Rodolfo Graziani mjini Addis Ababa tarehe 19 Februari, 1937, maelfu ya watu walichinjwa katika siku tatu, na baadaye Waethiopia waliosoma, hasa vijana waliorudi kutoka masomoni ng'ambo, walitafutwa na kuuawa. Waliopata madaraka kwa sababu ya elimu waliwaua wengine kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka 1937 Graziani aliondolewa, na mahali pake akawekwa Amedeo, Dyuki wa Aosta, wa ukoo wa mfalme. Huyo alijisalimisha kwa Waingereza huko Amba Alagi mwezi Mei 1941, akafa mateka mjini Nairobi mwezi Machi 1942. Amezikwa Nyeri, katika kanisa la ukumbusho la Waitalia. Msafiri apitaye Nyeri anaweza kuliona kaburi la mtu wa ukoo wa kifalme aliyeitumikia himaya iliyojengwa na mtoto wa mhunzi. Hapo ile ndoa ya watu wa kale na watu wapya imeandikwa katika jiwe, karibu na mlima wetu wa Kenya.

Je, mtoto wa nyoka ni nyoka?

Turudi kwenye methali yetu. Ng'ambo ya pili ya mto Po, mkabala na mkoa wa Ferrara alikotoka Balbo, upo mkoa wa Rovigo. Huko alizaliwa mwaka 1885 Giacomo Matteotti, mtoto wa familia tajiri yenye mashamba mengi. Naye alisoma sheria Bologna. Kwa asili yake alistahili kuwa miongoni mwa waliotoa fedha za mashati meusi. Badala yake alijiunga na wasoshalisti akawa mtetezi wa vibarua, wakiwamo vibarua wa mkoa wake. Tarehe 30 Mei, 1924 alisimama bungeni na kutaja, jambo kwa jambo, udanganyifu na mapigo yaliyoujaza uchaguzi. Tarehe 10 Juni alitekwa barabarani mjini Roma na kuuawa. Mwaka 1926 kiongozi wa wauaji, Amerigo Dumini, aliposhtakiwa, wakili wake alikuwa Farinacci.

Basi mto mmoja uliwatenga vijana wawili: mwana wa wenye mashamba aliyekufa kwa ajili ya vibarua, na mwana wa walimu wa mshahara mdogo aliyelipwa na wenye mashamba ili awapige vibarua. Kadhalika Antonio Gramsci, mtoto wa karani wa Sardinia aliyeonja umaskini mkali, alikamatwa mwaka 1926 na akafa mwaka 1937 baada ya miaka mingi ya kifungo. Mhunzi wa Predappio na karani wa Sardinia hawakuwa mbali sana kwa kipato. Watoto wao walikuwa mbali kama mbingu na ardhi.

Hii haina maana kwamba asili si kitu. Tumeona jinsi tabaka lilivyowapa vijana wale cheti, cheo cha uofisa, hofu ya kushuka na tamaa ya kupanda. Tumeona pia kwamba bila fedha za wenye mashamba, uvumilivu wa polisi na kalamu ya mfalme, wangalibaki kikundi cha kelele. Asili hutuonyesha njia iliyokuwapo mbele ya mtu na wale waliomsukuma. Haimwondolei yeye mwenyewe hesabu ya hatua alizopiga.

Mwisho

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Julai, 1943, Waingereza na Wamarekani wakiwa wamekwisha kutua Sicilia, Baraza Kuu la Ufashisti lilikutana. Grandi alileta hoja ya kumrudishia mfalme madaraka ya majeshi. Wajumbe 19 waliunga mkono, wakiwamo Bottai, De Bono, De Vecchi, Federzoni na mkwe wa Mussolini, Galeazzo Ciano. Kesho yake mfalme yuleyule aliyemwita mwaka 1922 alimfukuza na kumtia kizuizini. Wajerumani walimkomboa, akaunda serikali kaskazini. Na Januari 1944 Ciano na De Bono walipigwa risasi mjini Verona kwa sababu ya kura zao. Gentile aliuawa Firenze mwezi Aprili 1944. Mussolini, Farinacci na Starace waliuawa mwezi Aprili 1945. Lakini mwaka 1946 ulitolewa msamaha mpana, na mahakimu, maofisa na makarani wengi waliendelea katika viti vyao. Kadi ilibadilika, mkate ulikuwa uleule.

Kwetu sisi walimu, habari hii haitupi fahari. Tumezoea kusema kwamba elimu ni taa na kwamba ujinga ndio chanzo cha uovu wote. Vigogo wa ufashisti hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa watoto wa watu wa kawaida waliosomeshwa kwa taabu, na baadhi yao walilelewa katika nyumba za walimu. Shule iliwapa ufasaha, sheria na historia. Haikuwapa uzito wa kumwona kibarua kuwa ni mtu. Wakati huohuo ni shule ileile iliyowatoa Matteotti, Gramsci, wale kumi na wawili na mwalimu wa siri wa Tirol. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na sehemu kubwa ya kulea hufanyika mikononi mwetu, asubuhi baada ya asubuhi, tukiwa na chaki.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Kwa nini vibarua walikuwa wengi katika chama cha wafashisti mwaka 1921, ilhali hawakuonekana miongoni mwa vigogo?

2. Eleza kila upande ulileta nini katika "ndoa" ya watu wapya na watu wa kale, na kila mmoja ulipata nini.

3. Linganisha maisha ya Italo Balbo na ya Giacomo Matteotti. Asili yao yaeleza nini, na haielezi nini?

4. Andika insha ya kurasa mbili ukiunga mkono au kupinga methali "Mtoto wa nyoka ni nyoka", ukitumia mifano ya makala haya.